Masweta ya Mama

Nilipompigia Mama simu mwezi wa sita kumwambia nataka twende likizo, aliniuliza, "Kwani nani amekufa?"

Sikumlaumu. Kwetu Kihesa, Iringa, mtu mzima husafiri kwa mambo matatu: msiba, harusi na hospitali. Safari ya kwenda mahali ukakae, ule, ulale, kisha urudi, haikuwa na jina nyumbani kwetu. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni mapumziko tu, tunashuka Matema, Ziwa Nyasa, siku tano. Akanyamaza kidogo.

"Lini?"

"Mwezi wa saba."

"Mwanangu, mwezi wa saba ndiyo watu wananunua."

Mama anauza mitumba ya nguo za baridi katika soko la Mlandege. Masweta, makoti, jaketi za watoto, kofia za sufi, na mwaka ukiwa mzuri, mablanketi. Watu wa Pwani huiita miezi hii kipupwe, na neno lenyewe ukilisikia unaona upepo mwororo na mtu amekaa barazani na kikombe cha kahawa. Kwetu nyanda za juu tunaita baridi, basi. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya iko juu zaidi, na Julai ikifika asubuhi hushuka chini ya nyuzi 10. Kule Makete na Kitulo sakitu huunguza viazi shambani. Mtoto wa shule anatembea mikono imeingia ndani ya mikono ya sweta, mdomo unatoa moshi kama bomba la kosta.

Baridi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Desemba Mama hauzi kitu. Watu wanapita mezani kwake wakijipepea. Kuanzia Mei meza inaanza kuchangamka, na Juni na Julai ndiyo miezi anayofungua belo asubuhi na jioni limebaki mifuko tu. Nilipokuwa kidato cha pili nilijua kwamba wiki ya baridi kali ni wiki ya ada. Wenzangu waliomba jua litoke. Mimi niliomba lichelewe.

Lakini baridi hiyohiyo inamla. Mama ana miaka 61, kifua chake hukoroma kuanzia Juni, na magoti yake yanatangulia kuijua mvua. Tena ana tabia ambayo kwa miaka miwili ilikuwa inaninyima usingizi: usiku anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, anaziba mlango kwa kitambaa kwa chini. Kila msimu tunasikia familia fulani, mahali fulani, imelala na jiko ndani na haikuamka. Hewa ile haina harufu wala haikohozeshi; inakulaza tu. Nilimsihi, nikamnunulia blanketi zito, nikamtumia picha kwenye simu. Alikuwa anajibu, "Sawa mwanangu," na jirani akanieleza kwamba jiko bado linaingia ndani saa mbili usiku.

Kwa hiyo likizo ilikuwa hila yangu. Nilitaka angalau siku tano alale mahali ambapo jiko halina kazi.

*

Alifika Mbeya Jumatatu jioni kwa basi lililotoka stendi ya Igumbilo asubuhi. Nilimpokea, nikamwamkia shikamoo, nikachukua begi lake, nikashangaa uzito. "Umebeba nini, Mama?" Akasema nguo. Nikadhani amebeba nguo za kuvaa, kwa sababu nilikuwa nimemwambia Uyole kuna baridi kuliko Iringa, na ni kweli.

Jumanne asubuhi tulipanda kosta ya Kyela pale Nane Nane. Kwa asiyeijua barabara hiyo, iko hivi: kutoka Uyole inapanda kwanza. Isyonje kulikuwa na ukungu mzito kiasi kwamba dereva aliwasha taa, na wauza viazi barabarani walikuwa wamejifunika mablanketi hadi kichwani, macho tu yanaonekana. Mama aliwatazama kwa jicho la biashara. "Hawa," aliniambia kwa sauti ya chini, "hawana masweta."

Kisha inashuka. Inashuka Kiwira, inapita chini ya Mlima Rungwe, inapita mashamba ya chai ya Tukuyu yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mtoto anayeanza shule, halafu migomba, halafu kakao, halafu mpunga. Tukuyu Mama alivua koti. Mbele kidogo akafungua vifungo vya sweta. Tulipofika Kikusya na kuhamia kwenye Noah ya Matema, alikuwa amebaki na gauni na kitenge, na amezifungia zile nguo nyingine kwenye mfuko wa rambo kana kwamba anaziadhibu. Nilimweleza ninavyokumbuka kutoka jiografia ya shuleni: kila ukishuka mita 1,000 joto hupanda kwa nyuzi 6 hivi, na kutoka Isyonje hadi ziwani tumeshuka zaidi ya mita 1,500. Akanijibu, "Sasa kwa nini sisi babu zetu walikaa juu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye nilikumbuka mbu, lakini wakati huo tulikuwa tumeshaliona ziwa.

Matema iko pembeni kabisa, mahali ambapo kichwa cha Ziwa Nyasa kinagusa Milima ya Livingstone. Milima inaporomoka hadi majini bila kuacha nafasi, halafu ghafla kuna ufukwe wa mchanga, miembe, mitumbwi iliyopinduliwa, na nyumba chache za wageni. Ziwa lenyewe ni la tatu kwa ukubwa Afrika baada ya Victoria na Tanganyika, na kina chake kinafika karibu mita 700. Maji ni maangavu kando, kisha yanakuwa buluu, kisha meusi.

Mama hakuwahi kuona maji mengi kuliko ya Mto Ruaha Mdogo pale Ipogolo. Alisimama mchangani na viatu mkononi, asiseme kitu kwa muda mrefu. Nilijiandaa kwa maneno makubwa. Akauliza, "Ng'ambo ni wapi?"

"Malawi."

"Wanavaa masweta?"

*

Usiku wa kwanza alilala bila soksi. Naandika jambo hili kwa sababu nililiona kama muujiza mdogo: nyayo za Mama zimetoka nje ya shuka, zimepasuka kisigino, zimetulia. Kifua hakikukoroma. Dirisha lilikuwa wazi, na mawimbi yalikuwa yanapiga mchanga usiku kucha, kwa sababu miezi hii upepo wa kusini hupiga ziwa lote kwa urefu na kuleta mawimbi huku kaskazini. Asubuhi aliniambia hakulala vizuri kwa sababu ya "hiyo kelele", lakini alikuwa amelala saa tisa.

Jumatano tulifanya yale ambayo watu wa likizo hufanya, na ambayo sisi wawili hatukuyajua. Tulikaa. Mama alijaribu kwanza kufagia mbele ya chumba chetu, mhudumu akamnyang'anya fagio kwa adabu: "Ugonile, mama. Pumzika." Akajaribu kwenda jikoni kusaidia kuchambua mchele, wakamrudisha. Mwishowe akakaa chini ya mwembe, miguu ameinyoosha, mikono ameiweka mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mchana tulikula wali wa Kyela na mbasa wa kukaanga. Alimsifu mbasa, akasema mchele una harufu ya mchele, kitu ambacho ukimjua Mama ni sifa kubwa.

Jioni tuliona kitu kama moshi kinapanda kutoka katikati ya ziwa, nguzo nene ya kijivu inayotembea. Mama akasema meli inaungua. Kijana aliyekuwa anashona wavu akacheka, akatuambia ni wadudu. Wanatoka majini kwa mamilioni, wanaruka pamoja, upepo unawapeleka. Meli ipo nyingine, akasema, MV Mbeya II, inatoka bandari za Kyela kwenda hadi Mbamba Bay, na kwa vijiji vilivyobanwa kati ya milima na maji, huko Lupingu na Manda, ziwa ndiyo barabara. Mama akamuuliza nauli ni kiasi gani, abiria ni wangapi, na kama wanaruhusu mzigo. Nikadhani ni udadisi.

Simu yake iliita saa moja usiku. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi. Ikaita tena. Akainuka, akaenda kuongelea kule kwenye mitumbwi. Niliona kivuli chake kikipinda kwa mbele, mkono mmoja kiunoni. Mimi naufahamu mkao huo. Nauona kila siku kazini.

*

Inabidi niseme kazi yangu. Ni afisa mikopo katika kampuni moja ya mikopo midogo Mbeya. Ninasajili vikundi vya wanawake, ninajaza fomu, ninapitia biashara zao, na tarehe ikifika ninakaa kwenye benchi nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi nikihesabu marejesho. Asipoleta mmoja, wenzake wanachanga. Wakishindwa kuchanga, tunakwenda kwa yule mmoja, na fomu inaonyesha aliandika nini kama dhamana: televisheni, godoro, kabati, cherehani. Kuna neno la mtaani kwa mikopo ya namna hii, kausha damu, na ofisini tumekatazwa kulitamka. Sisi tuna leseni, tunaambiwa. Kausha damu ni wale wengine.

Alhamisi asubuhi Mama hakunywa chai. Saa nne simu ikaita, na safari hii ilikuwa karibu yangu, nikaona jina: "Mwenyekiti Kikundi". Nikaipokea.

"Mama Atu," sauti ikasema kabla sijafungua mdomo, "umetuacha na elfu arobaini, sisi hizo ishirini na tano tunazitoa wapi? Afisa amekaa hapa. Anasema hatuondoki."

Nilisikia nyuma yake watoto, kuku, na sauti ya mwanamke mwingine inalalamika. Nilisikia pia ukimya wa yule afisa. Naujua ukimya huo kwa sababu tumefundishwa: usigombane, usiondoke, kaa tu.

Nikamwambia Mwenyekiti ninampigia baada ya dakika kumi. Kisha nikamgeukia Mama.

Mambo yalikuwa hivi. Alikopa shilingi 800,000 mwezi wa tano kununua belo la masweta. Walimkata 40,000 za fomu na bima, akatia mfukoni 760,000. Analipa 65,000 kila Alhamisi kwa wiki 16. Nilizidisha kichwani kwa sababu ndiyo kazi yangu: 1,040,000. Ongezeko la 240,000, asilimia 30 ndani ya miezi minne isiyotimia. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja letu, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Hata ukizidisha kwa miezi minne kamili na bila kupunguza deni linavyolipwa, hazifiki 112,000 na senti. Nilimweleza yote hayo pale chini ya mwembe, kwa haraka, nikichora mchangani kwa kijiti.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Hesabu unajua," akasema. "Shule haikupotea."

"Mama, kwa nini hukuniambia? Mimi ndiyo kazi yangu!"

"Ndiyo maana."

Nikauliza ameanza lini. Akasema huu ni mkopo wa tano. Huu umefunika ule, na ule ulifunika mwingine. Nikauliza wa kwanza ulikuwa wa nini. Hapo akaanza kufuta hesabu zangu mchangani kwa mguu, taratibu, kuanzia juu.

"Ulipopata kazi Mbeya," alisema, "mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita."

Nilikumbuka. Laki tatu. Nilimpigia nikilia kwamba nafasi ya kazi itapotea kwa kukosa chumba. Siku mbili baadaye fedha ziliingia kwenye simu, na nilipomuuliza amezipata wapi alisema, "Nimeuza masweta." Ilikuwa Novemba. Mimi, niliyekua nikihesabu ada kwa baridi, sikujiuliza nani ananunua sweta Novemba.

Mwaka huo, kwenye chumba hichohicho kilichopangwa kwa mkopo wa Mama, niliamka asubuhi moja, nikavaa fulana ya ofisi, nikaenda na wenzangu wawili na gari dogo la mizigo kuchukua cherehani ya mwanamke mmoja mshonaji. Alikuwa amekosa marejesho matatu. Hakupiga kelele. Alituomba tu atoe kwanza gauni la mtu lililokuwa bado limeshikwa na sindano, na mimi nilishikilia fomu huku nikimsubiri akate uzi. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala, nikampigia Mama kumsalimia.

*

Nilituma zile 25,000 kwa Mwenyekiti kupitia wakala wa kijijini. Mama alikataa kwanza. Kisha akasema, "Itakuwa deni." Nikamwambia mimi ni mtoto wake, hakuna deni. Akasema, "Kukopa harusi, kulipa matanga. Hata kwa mtoto." Akatoa daftari lake kwenye pochi, lile la kurasa 48 lenye bei za belo, akalamba ncha ya kalamu, akaandika jina langu kamili, kama anavyoandika la mgeni.

Siku ile yote hatukuzungumza sana. Ijumaa pia. Lakini nilichotazamia, kwamba likizo imeharibika, hakikutokea kama nilivyodhani. Mama alionekana mwepesi. Deni lililokuwa siri lilikuwa sasa ni deni tu. Ijumaa jioni aliingia majini hadi magotini, kitenge amekikunja, akasimama mawimbi yanampiga, na mara moja lilipokuja kubwa likamlowesha kifua alipiga ukelele wa msichana. Watoto waliokuwa wanaogelea wakamcheka, naye akawarushia maji. Nilikuwa na simu mkononi, nikashindwa kupiga picha.

Jumamosi ni siku ya soko Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu upande wa mashariki, mitumbwi inapoegesha. Ni soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi huvifinyanga kwa mikono huko Ikombe, nyuma ya rasi, na huviteremsha kwa mitumbwi, vimepangwa na majani katikati ili visigongane. Vina rangi nyekundu na mistari myeupe mabegani, na kutoka hapo vinapanda magari kwenda Kyela, Mbeya, hata mbali zaidi. Nilipoviona nikamshika Mama mkono. Chungu chetu cha maharage, kile kilichokaa jikoni Kihesa tangu sijazaliwa, kilikuwa cha hapa. Mistari ileile. Mama alikinunua Iringa kwa mchuuzi na hakuwahi kuuliza kimetoka wapi.

Lakini macho yake hayakukaa kwenye vyungu. Yalikuwa yanatazama njia nyuma ya soko, inayopanda mlimani. Watu walikuwa wanateremka kwa mstari mmoja, wamebeba viazi, maharage na mianzi. Watu wa milimani, Wakinga wengi wao, walioanza kutembea usiku. Walikuwa wamevaa kanzu mbili, shati juu ya shati, khanga mabegani. Kule juu wanakorudi jioni kuna baridi kama ya Isyonje au zaidi.

Mama akaniambia nimsubiri. Alirudi na begi.

Ndipo nilipojua uzito ule ulikuwa wa nini. Masweta sita. Alikuwa amepanga kuyauza Mbeya mjini kabla hatujashuka, ili zile 25,000 zitimie kabla ya Alhamisi, lakini mimi nilimpokea stendi, nikampeleka nyumbani, nikamlaza, nikamwamsha alfajiri. Sikumpa nafasi hata ya saa moja. Likizo yangu niliyomwekea kwa mapenzi ilikuwa imemfungia mlango, naye kwa kutotaka kunivunja moyo hakusema.

Alitandika kitenge chini kando ya muuza chumvi. "Kamwene!" aliwaita, kisha akakumbuka hayuko Iringa, akarudi kwenye Kiswahili: "Karibuni, mali ya baridi! Sufi halisi! Shika mwenyewe, vuta, halichaniki!" Sikuwahi kumwona akiuza kwa muda mrefu hivyo tangu niende chuo. Alimvisha mzee mmoja sweta la kijani, akamgeuza mgongo, akamsawazishia mabega, akarudi nyuma hatua moja kumtazama. "Umekuwa mkuu wa shule," akamwambia. Mzee akatoa 10,000 iliyokunjwa mara nne.

Kwa muda usiozidi saa mbili, kwenye ufukwe wenye joto, watu wakitokwa jasho, Mama aliuza masweta matano. Mawili kwa elfu kumi, matatu kwa elfu nane. Shilingi 44,000. La sita, la mtoto, la zambarau, alilibadilishana kwa chungu na mfinyanzi mmoja aliyekuwa na mjukuu mgongoni. Hawakuongea bei. Mfinyanzi alishika sweta, akalinusa, akaligeuza ndani nje. Mama akagonga chungu kwa kidole akasikiliza mlio. Mfinyanzi akasema, "Ndaga fijo," Mama akasema, "Ahsante na wewe dada," ikaisha.

Tulipokaa chini ya mwembe wetu alihesabu 25,000, akaninyooshea.

Nilitaka kukataa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nina mshahara, nina bima ya afya, nina chumba ambacho yeye alikilipia. Nilitaka kusema, Mama, tafadhali, hifadhi. Lakini nilimwona alivyozishika, zimenyooshwa, kubwa chini ndogo juu, kama anavyompa afisa. Kama ningekataa ningekuwa nimempa sadaka. Nikazipokea kwa mikono miwili. Akatoa daftari, akalikata jina langu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika kando: IMELIPWA.

Zilizobaki alinunua kilo sita za mchele.

*

Tulipanda kurudi Jumapili. Kikusya alivaa sweta, Tukuyu akavaa koti, Isyonje akajitanda na kitenge, chungu kikiwa mapajani pake njia nzima kama mtoto mchanga. Kondakta alitaka akiweke kwenye buti. Hakumjibu.

Nimeandika haya mwezi wa nane. Sijaacha kazi, nani ataacha kazi Mbeya kwa sababu ya siku tano ziwani? Kuna kitu kimoja tu nimekianza. Kabla mteja hajatia sahihi, ninamsomea kwa sauti jumla atakayolipa, tarakimu zote, kisha ninaiandika kwa kalamu nyekundu juu ya nakala yake. Fomu haina sehemu hiyo. Mwezi huu wanawake watatu wamesimama, wakasema wanakwenda kwanza kufikiri, na wawili hawajarudi. Mkuu wangu ameuliza kwa nini namba zangu zimeshuka. Nimemwambia ni baridi.

Mama amebakiza Alhamisi tatu. Tumekubaliana kwamba ukiisha huo hakuna wa sita; belo lijalo nitaweka nusu mimi, atalipa anapouza, na daftari litashika hesabu. Alitaka riba iandikwe. Tulibishana kwa siku mbili, tukafikia kilo moja ya maharage.

Jiko, jirani anasema, linabaki nje siku hizi. Anasema Mama amepata blanketi zito kwenye kabati, lile nililomnunulia mimi, bado lilikuwa kwenye nailoni yake. Alikuwa analiweka ili aliuze.

Jana usiku alinipigia, nikasikia kifua chake kinakoroma kidogo, na chungu kinatokota.

"Mwakani," akasema, "kule ziwani."

"Ndiyo, Mama. Tutapumzika tena."

"Tupumzike, ndiyo. Lakini twende na belo zima."